Hongera Wizara, Upepo wa Singida Umefikia Viwango vya Nyuklia

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: PONGEZI KWA KUCHELEWESHA UPEPO KWA VIWANGO VYA KIMATAIFA

Mheshimiwa Waziri, somo tajwa hapo juu lahusika.

Sisi wananchi wa Singida tu wazima wa afya, hofu ni kwenu mlioko Mtumba. Alizeti tunakamua, vitunguu vya Misuna vinapakiwa kwenye malori, na kuku wetu wanaendelea kusafirishwa kwenda Dar es Salaam bila kushirikishwa kama wadau. Dhumuni la barua hii si kulalamika. Wanaolalamika ni wengi na wana muda. Sisi tumekaa, tukatafakari, tukaona Wizara yako inastahili pongezi ambazo hakuna aliyewahi kuitolea.

Julai 2025 Rais alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kule Namtumbo, katika mradi wa Mto Mkuju, na tangu hapo habari za umeme wa nyuklia zimepamba moto. Wapo watu wasioitakia mema nchi hii ambao wameanza kuuliza kama tuna uzoefu. Wanasema vinu vya nyuklia vinasifika dunia nzima kwa kuchelewa, na kwamba nchi changa haiwezi kuamka asubuhi moja ikachelewa kiasi hicho. Mheshimiwa, wajibuni bila woga: uzoefu tunao, na chuo chake kipo Singida.

Tuanze na vigogo wenyewe. Finland walianza kujenga kinu cha Olkiluoto 3 mwaka 2005, wakaahidi kitawaka 2009. Kikaanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Ufaransa, wababe wa nyuklia barani Ulaya, walianza Flamanville 3 mwishoni mwa 2007 wakitarajia kumaliza 2012. Kikaunganishwa kwenye gridi Desemba 2024. Iran ndiyo baba lao: Bushehr ilianza 1975 mikononi mwa Wajerumani, ikamalizwa na Warusi, ikaingiza umeme kwenye gridi mwaka 2011.

Lakini hao wote walikuwa na visingizio. Wafaransa walikuta kasoro kwenye vyuma vilivyochomelewa, ikabidi warudie. Wairani walipindua serikali, kisha wakapigana vita na jirani yao miaka minane. Sisi Singida hatukuwa na vita wala mapinduzi, wala hatukukuta kasoro kwenye chuma, kwa sababu chuma chenyewe hakijafika. Tumechelewa kwa utulivu na amani, kama wasemavyo wakubwa wetu wakisifia nchi.

Na kitu tulichokichelewesha, Mheshimiwa, ni pangaboi.

Kinu cha nyuklia kwa kawaida kinahitaji fueli iliyorutubishwa, kuta nene za zege, mamlaka ya usalama, wahandisi wa kusomeshwa miaka mingi na mahali pa kutunza taka ambazo vitukuu wetu watazirithi zikiwa bado za moto. Mtambo wa upepo ni mnara, mabawa matatu, jenereta na waya. Haunywi dizeli, hauli makaa, hauachi jivu. Msingi ukishakauka na winchi ikiwa imefika, mnara mmoja husimamishwa kwa siku chache. Kuchelewesha kinu cha nyuklia kila mtu anaweza. Kuchelewesha pangaboi kwa takribani miaka 15 kunataka kipaji, na ndiyo maana tumeandika.

Tuweke kumbukumbu sawa, maana wenye wivu watasema tunatia chumvi.

Kwamba Singida kuna upepo, bibi zetu walilijua tangu walipokuwa wakipepeta uwele. Serikali kwa kuwa haifanyi kazi kwa kusikia, ilisimamisha milingoti ya kupimia, ikapata wastani wa mita 9.9 kwa sekunde kwenye urefu wa mita 30. Makambako, mshindani wetu, walipata 8.9. Kwa wasiojua hesabu za upepo, nguvu yake haipandi sambamba na kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo ya kasi ni tofauti kubwa ya umeme, na mahali pengi duniani watu wameweka mitambo kwenye upepo ambao hapa kwetu usingeangusha hata kofia.

Baada ya vipimo likaja jina. Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC, TANESCO na kampuni binafsi ya Power Pool East Africa wakaungana kuunda Geo Wind. Awamu ya kwanza ikapangwa kuwa megawati 50, gharama takribani dola milioni 136, mkopo ukitarajiwa kutoka Benki ya Exim ya China. Upepo wa Singida ukaingia kwenye Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ule wa 2011/12 hadi 2015/16. Taifa likaumaliza mpango huo, likaenda wa pili, likaingia wa tatu.

Na kwa kuwa upepo ulikuwa mwingi kuliko mradi mmoja, ukaja wa pili. Wind East Africa, iliyowakutanisha Six Telecoms, Aldwych International na IFC ya Benki ya Dunia, ilitaka kuweka megawati 100 hapahapa. Tukajikuta na miradi miwili ya upepo kabla ya kuwa na mtambo mmoja. Mwaka 2018 TANESCO ikaalika makampuni kushindania megawati 200 za upepo, pamoja na za jua na za makaa ya mawe. Kwa makaratasi, Mheshimiwa, Singida inaweza kuwasha nusu ya Dodoma.

Katika kipindi hicho Wizara imepita mikononi mwa Ngeleja, Muhongo, Simbachawene, Muhongo tena, Kalemani, Makamba na Biteko. Mwaka 2017 Wizara yenyewe iligawanywa, madini yakapewa nyumba yake na nishati ikabaki na yake. Tumepata marais watatu. Upepo ni uleule, na bado haujahama mkoa.

Sasa tazama majirani walivyo na papara. Waethiopia walikuwa na mradi unaofanana na wetu kama pacha: Adama ya kwanza, megawati 51, mkopo mkubwa kutoka benki ileile ya Exim ya China. Wakaumaliza 2012. Hawakupumzika, wakajenga Adama ya pili ya megawati 153, ikawa tayari 2015. Haraka ya nini?

Wakenya nao walikwenda Loiyangalani, Marsabit, mahali ambapo ilibidi watengeneze barabara ndefu kwanza ndipo mabawa yafike. Walianza kazi mwishoni mwa 2014, na kufikia 2017 mitambo 365 ilikuwa imesimama, megawati 310. Miongoni mwa waliousimamia ujenzi huo ni Aldwych, walewale waliokuja kwetu na megawati 100. Kwa hiyo mtu asije akatwambia hawakujua kazi. Walijua. Walichokosa Singida walikipata jangwani.

Hata nyumbani kuna watovu wa nidhamu. Kule Mufindi, mwaka 2020, kampuni ya Mwenga walisimamisha mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 2.4, ikawa umeme wa upepo wa kwanza wa maana nchini. Mitatu tu, bila makeke. Walipaswa kuja Singida kujifunza subira kabla ya kutuaibisha.

Hata hivyo Wakenya waliteleza mahali pamoja, na hapo ndipo ubora wetu unapoonekana. Mitambo yao ya Loiyangalani ilipokamilika, njia ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mapangaboi yakasimama zaidi ya mwaka mmoja yakisubiri waya, na serikali ikatozwa fidia. Umeme ukaanza kupita Septemba 2018. Wao walijenga mitambo wakakosa waya. Sisi, watu wa mipango, tulianza na waya.

Na waya tunao, Mheshimiwa, tena wa kutisha. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, takribani kilomita 670, inakatiza mkoani kwetu ikiwa na nguzo ndefu kuliko kitu chochote tulichowahi kujenga. Kisha ikaja njia ya kutuunganisha na Kenya: inaanzia hapahapa Singida, inapita Babati na Arusha, inavuka Namanga, inafika Isinya. Tumekuwa njia panda ya umeme wa Afrika Mashariki. Umeme wa kusini unapita juu yetu kwenda kaskazini na kanda ya ziwa, na sisi tunaupungia mkono.

Machi 2025 Rais alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu aliyoitoa ni ya kweli: umeme unaosafiri mbali kutoka kusini hupotea njiani, na upotevu huo ni hasara. Tunakubaliana kwa asilimia 100. Ila tuliposikia tulifungua ramani. Singida iko katikati ya safari hiyo hiyo, kwenye waya huo huo, na ina upepo uliopimwa na Serikali hiyo hiyo. Inawezekana kabisa, Mheshimiwa, kwamba upepo wa Adama utafika Arusha kwa kupitia Kenya kabla upepo wa Singida haujafika Singida mjini. Hilo nalo ni rekodi. Tunaomba lisajiliwe.

Sasa tuache utani kidogo, maana hata mtani ana siku anayosema ukweli.

Sababu tunazijua. Mkopo wa Exim ulihitaji dhamana ya Serikali, na Hazina haipendi kutia saini madeni ya miaka mingi. Mwekezaji binafsi alihitaji mkataba wa TANESCO wa kununua umeme wake kwa miaka kama 20, na benki zilipochungulia vitabu vya TANESCO vya wakati ule, zikaona madeni ya wasambazaji wengine, zikafunga begi. Bei ya uniti nayo ilibishaniwa: mwekezaji anataka irudishe mtaji wake, Serikali inataka isimuumize mwananchi, na EWURA, mdhibiti wa nishati, imekaa katikati.

Tena Wizara hii imeumia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ninyi mmeumwa na mikataba ya umeme ya Richmond, ya IPTL iliyozaa sakata la Escrow mwaka 2014, na ya Symbion. Baada ya hayo, mtu akija na mkataba wa umeme chini ya kwapa, kumtilia shaka ni busara. Hatuwalaumu kwa kuogopa mkataba mbaya. Mkataba mbaya wa upepo ungetunyonya sisi pia.

Tunajua vilevile kwamba macho yalihamia kwingine. Bomba la gesi la Mtwara lilipokamilika 2015, gesi ikawa ndiyo habari ya mjini. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na yote tisa ikakamilika 2025: megawati 2,115. Tunalisifu kwa dhati, na hapa hatuna kejeli. Lakini bwawa hilo limewavua nguo, Mheshimiwa. Kabla yake mlikuwa na haki ya kusema nchi maskini haiwezi kujenga mitambo mikubwa. Sasa mmejenga umeme wa mara 42 ya mradi wetu, kwa fedha za ndani, katika muda ambao pangaboi la kwanza la Singida halijapata hata shimo la msingi. Kumbe jambo likitakiwa, hufanyika.

Mtatwambia sasa umeme upo wa kutosha, upepo wa nini? Ni hoja, na tunaijibu. Mto ni mmoja. Mwaka 2011 ukame ulituingiza gizani, 2022 mgawo ukarudi, 2023 ukarudi tena. Miezi ya kiangazi mito ikinywea ndiyo miezi ambayo upepo wa Singida huvuma kama una deni la mtu. Maji na upepo vingepokezana zamu: mchana wa Septemba upepo unafanya kazi, maji yanabaki bwawani kusubiri jioni watu wanapowasha taa na kupika.

Kwa hiyo si kwamba mradi hauna maana, wala si kwamba hauwezekani. Shida yake ni moja, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike: hakuna mtu aliyewahi kuukataa.

Tumetafuta sana, Mheshimiwa. Tungempata waziri aliyesema hapana, tungembishia. Tungepata barua ya Hazina inayosema ghali mno, tungeomba hesabu. Tungemkuta mtaalamu anayesema upepo hautoshi, tungemwalika aje na kofia yake. Lakini kila aliyeulizwa alikubali. Kila bajeti iliupenda. Mradi umekuwa ukipembuliwa, ukijadiliwa, ukiwa katika hatua za mwisho, na hatua za mwisho zenyewe zina watoto. Mradi uliokataliwa una mwenyewe. Unajua mlango wa kugonga. Mradi unaoendelea milele hauna wa kuulizwa, na hivyo ndivyo jambo dogo hufikishwa kwenye umri wa Bushehr bila mtu hata mmoja kufanya kosa.

Nao una gharama isiyoandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Chukua mkulima mwenye shamba kwenye ukanda unaosemwa kuwa wa upepo. Apande miembe ya kumlisha miaka 20, au apande alizeti ya miezi minne kwa kuwa huenda mnara ukaja? Ajenge nyumba ya tofali za kuchoma au aendelee na tembe? Kila mwaka anapanda alizeti. Mwenye kiwanda cha kukamua mafuta naye, anunue mashine ya pili au asubiri umeme wa karibu ulioahidiwa? Anasubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo hayo hayakuingizwa kwenye upembuzi yakinifu.

Turudi kwenye nyuklia, ambayo ndiyo fahari yetu ya baadaye. Manyoni, wilaya ya mkoa huuhuu, ilishapekuliwa na Uranex ya Australia ikitafuta urani. Kwa hiyo siku mkitafuta pa kuweka kinu, tuna udongo wenyewe, tuna waya, na zaidi ya yote tuna wananchi waliofuzu kusubiri. Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia cha Kenya. Sisi hatujawahi kuandamana kupinga hata upepo. Tatizo ni hesabu tu. Ikiwa pangaboi ambalo wengine hulisimamisha kwa miaka miwili na ushee limetushinda kwa 15, kinu ambacho Wafaransa walikimaliza kwa 17 kitawakuta wajukuu zetu wamezeeka, vitukuu wakipembua, vilembwe wakijadiliana na wadau, na vining'ina wakiwa katika hatua za mwisho.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba mambo manne:

1. Tupeni tarehe. Moja, yenye siku, mwezi na mwaka. Ikishindikana, tupeni sababu siku hiyohiyo, si kwenye bajeti inayofuata.

2. Tajeni cheo cha mtu mmoja anayewajibika kwa upepo wa Singida. Si kamati, si timu ya majadiliano. Mtu mwenye mlango na simu.

3. Wekeni hadharani bei ya uniti mnayoweza kuilipa, kisha waiteni wenye mitambo washindane chini yake. Mitambo ya upepo ya leo ni mikubwa na yenye nguvu kuliko ile ya 2011. Huenda kuchelewa kwenu kumetupunguzia gharama bila ninyi kukusudia. Hiyo nayo mtaisema kuwa ni mafanikio, nasi tutapiga makofi.

4. Na kama mradi ulishafariki, tangazeni msiba. Sisi ni watu tunaojua kuzika. Tutakuja na mchele, tutalia kidogo, tutaanua matanga, na mwenye shamba atapanda miembe. Kinachotuchosha ni kukaa matangani miaka yote hii ilhali wenye msiba wanasema mgonjwa anaendelea vizuri.

Mkiyatekeleza hayo kwa mapangaboi 50 au 60, basi nchi itakuwa imefanya mazoezi ya kutosha, na mtu akituuliza kama tunaweza nyuklia, tutamwonyesha kilima kimoja Singida chenye kitu kinachozunguka. Mkishindwa, tunawasihi muiache urani ilale palipo. Nchi isiyoweza kusema tarehe ya pangaboi isikabidhiwe kitu kinachohitaji mtu wa kuwajibika kwa miaka elfu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenu katika kusubiri Taifa,
Wananchi wa Singida.

Nakala kwa:

Mkurugenzi Mtendaji, TANESCO: waya tumeutunza.

Mkurugenzi Mtendaji, NDC: tafadhali tafuta jalada.

Katibu Mkuu, Hazina: dhamana ni saini tu, kalamu tutachangia.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Arusha: msiwe na haraka, tuko mbele yenu kwenye foleni.

Waziri wa Nishati atakayefuata: aitunze barua hii, atahitaji kubadilisha tarehe tu.